Wikendi Ambayo Momanyi Hakukuna Kichwa

Jumapili jioni, Februari 1997
Konoin

Kumekauka. Mvua haijaonekana tangu Krismasi, majani ya chai shambani yamekunjamana, na vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Jua limetua sasa hivi na baridi imeanza kushuka. Mgongo unaniuma, magoti yananiuma. Jana nililala kwenye hema, juu ya mawe, kwa hiari yangu mwenyewe, na wa kulaumiwa ni Rono.

Lakini si mgongo ulionifanya nitafute kalamu. Nina jambo la kutoa moyoni kabla ya kesho asubuhi. Nikiliacha lilale nami usiku huu, najua nitaamka nimepata sababu nyingine ya kunyamaza.

Nianze na Rono. Tulisoma darasa moja tangu shule ya msingi. Sasa ni mwalimu huko Londiani, na ualimu umempanda kichwani: kila tukikutana ana jambo jipya la kutufundisha. Safari hii alikuwa amesikia mahali kwamba watu wenye kazi nzito wanafaa kwenda milimani, walale kwenye hema, watazame maji, wapumzishe akili. Aliposikia nimepandishwa cheo kazini, akasema basi sherehe yangu itafanyika huko, kwenye ziwa dogo lililo juu ndani ya msitu wa Londiani. Hema angeazima kwa maskauti wa shule yake. Nikamwambia kwamba mimi hupumzika vizuri kabisa kitandani kwangu. Hakunisikiza. Momanyi, ambaye tuko naye zamu moja kwenye kiwanda cha chai, akasema yeye yuko tayari, na hapo nikakosa pa kujificha.

Mama yangu aliponiona nikifunga mablanketi aliniuliza kwa upole, "Kwani Mama Cherono amekufukuza?"

Nikamjibu kwamba mke wangu hajanifukuza, ni sherehe. Akatingisha kichwa na kuendelea kuwapa kuku mahindi.

Wakati mwingine wa mwaka tusingeipata hata hiyo Jumamosi. Mvua ikinyesha, majani hutushinda na mashine hazilali. Lakini kiangazi hiki malori yanakuja nusu, na mwisho wa wiki kiwanda kinazimwa. Kwa hivyo sikuwa na kisingizio cha kazi pia.

Sasa hicho cheo. Kuanzia mwezi ujao, mzee anayesimamia sehemu ya kuchachusha majani anastaafu, na wameniteua mimi nishike nafasi yake. Kazi yenyewe ni hivi. Majani yakishanyauka hukatwakatwa na mashine, kisha hutandazwa yakae. Mwanzoni yananuka nyasi mbichi. Yakikaa, rangi inageuka kutoka kijani kuwa ya shaba, na harufu nayo inageuka, inakuwa tamu, kama chumba kilichowekwa matunda yaliyoiva. Kuna dakika chache tu ambazo majani yako sawa. Hapo ndipo mtu anapaza sauti yapelekwe kwenye moto. Ukiwahi, chai inakuwa kali ya kukwaruza ulimi. Ukichelewa, inakuwa maji ya kuoshea vikombe. Saa iko ukutani, ndiyo, na kipimajoto kipo, lakini kila siku majani huja na tabia yake, na rangi chini ya zile taa hudanganya. Kwa hivyo kiwanda kinategemea pua ya mtu. Na pua hiyo, kila mtu atakwambia, ni ya Ngetich.

Ngetich ni mimi.

Na mimi sina pua.

Nimeandika. Mkono haujakatika.

Ilikuwa Julai mwaka jana, kwenye baridi ile. Nilishikwa na homa, nikalala siku kadhaa, nikapona. Kila kitu kilirudi isipokuwa harufu. Nilidhani ni mafua tu. Nikajifukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka macho yakavimba. Nikapaka dawa ya kuchua chini ya pua. Nikaenda Kericho kwa daktari bila kumwambia mtu, akanimulika na tochi, akasema huenda ikarudi na huenda isirudi, nisubiri. Nimesubiri. Julai, Agosti, Septemba, mpaka leo.

Sikumwambia mtu yeyote. Mke wangu simjui kwa umbeya, lakini sikumwambia. Mama sikumwambia. Kiwandani ndiyo kabisa. Mtu wa sehemu yetu asiye na pua ni wa kurudishwa kubeba magunia, na mimi magunia nilishayabeba nikiwa kijana, nikayaacha kwa sababu ya hii pua.

Kilichoniokoa ni Momanyi. Au tuseme kichwa chake.

Momanyi ni mtu wa Kisii, alikuja kiwandani miaka michache iliyopita akiwa hajui lolote kuhusu kuchachusha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilikuwa nikimshika mkono, namwinamisha juu ya majani, namwambia anuse, angoje, anuse tena. Alishika haraka. Baada ya homa yangu, nikiwa nimesimama pale nikitazama saa na rangi kama kipofu anayepapasa ukuta, niligundua kitu. Kila majani yanapokuwa tayari, Momanyi huvua kofia yake na kukuna kichwa. Sijui kama aliwahi kuwa na tabia hiyo zamani. Lakini nilimchunguza zamu nzima, kisha nyingine, na sikuona akikosea. Anavua kofia, anakuna upande wa kushoto, anavaa kofia. Basi mimi napaza sauti, "Peleka!" Na chai inatoka vizuri, na meneja anasema Ngetich ana pua ya ajabu.

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Kwa kuchungulia kichwa cha mtu.

Nilijiambia si wizi. Mwenzangu ana tabia yake, nami nina macho, basi. Nilikuwa nikijiambia hivyo nikivaa viatu asubuhi, na nikajiambia tena jana, nikiwa nimekaa nyuma ya lori tupu la viazi lililokuwa likirudi Londiani, upepo ukitupiga usoni mpaka machozi yakatutoka.

Londiani tulimkuta Rono akitungoja na hema lake begani. Tulinunua viazi kwa mama mmoja kando ya barabara. Alilitazama hema, akatazama vile vigingi, akatutazama sisi.

"Mnakuja kupima msitu mgawane?" akauliza. Sauti yake haikuwa nzuri.

Rono akamweleza kwamba hatupimi chochote, tunaenda juu ziwani kulala usiku mmoja, kisha turudi.

"Kulala tu?"

"Kulala tu, mama."

Akatuongezea viazi bure. Nafikiri alituhurumia.

Njia ya kupanda ni ndefu na ina mwinuko usio na adabu. Rono mbele, akitaja majina ya miti kana kwamba tuna mtihani. Momanyi katikati na sufuria. Mimi nyuma kabisa na begi la chakula, kwa sababu sherehe ni yangu na eti mwenye sherehe ndiye abebe chakula. Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu ukitupiga usoni. Nautaja upepo kwa sababu.

Ziwa lenyewe, nikubali, ni zuri. Ni dogo, mtu akipiga kelele upande huu atasikika upande ule. Limekaa kwenye bonde juu ya kilima, mierezi na mianzi imelizunguka, na bata wa porini walikuwa wakiogelea wakijifanya hawatuoni. Nilisimama pale nikihema, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeitarajia. Sikumwambia Rono, angevimba kichwa.

Tulisimamisha hema. Nusu ya vigingi vilikuwa vimepotezwa na maskauti, tukachonga vingine vya miti. Kisha Rono akasema sasa tupike, akavuta begi langu, akalifungua.

Akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

Chupa ya mafuta ya taa, ile ya kandili, ilikuwa imelegea kizibo. Ilikuwa imevuja yote. Unga wa ugali ulikuwa umelowa, mkate umelowa, sukari imekuwa tope. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, tu kilikuwa salama, kwa sababu mke wangu alikuwa amekifunga kwenye karatasi ya nailoni. Rono alilishika begi kwa ncha ya vidole, akaligeuza. Upande unaokaa mgongoni ulikuwa umelowa pia. Nikagusa shati langu mgongoni. Nilidhani ni jasho, na upepo wa njiani ulikuwa umeipeleka harufu nyuma, mbali nao.

"Ngetich," Rono akasema, "hii kitu umebeba kwa mgongo kutoka barabarani mpaka huku, na hukusikia?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Pua ya Konoin! Jameni, pua yenyewe ndiyo hii! Wazee wa kiwanda wameuziwa mbuzi kwa gunia!"

Nilitaka kucheka naye. Mdomo ulikataa. Niliona uso wangu ukipata moto na sikujua niweke wapi mikono.

Ni Momanyi aliyenitoa. Hakucheka hata kidogo. Alisema bila kuinua macho, akiendelea kuvunja kuni, "Mimi nilisikia hiyo harufu kwa lori. Nikamwambia ni lori. Akaamini mimi."

Rono akasema aa, basi ni makosa yako wewe, na akaenda kutafuta maji bado akichekacheka.

Momanyi hakuwa ameniambia kitu chochote kwenye lori. Kwenye lori hakuna aliyesikia harufu yoyote, na upepo ule.

Nilikaa pale na begi langu.

Tulikula viazi vya kuchoma vya yule mama, na vilikuwa vitamu, au nadhani vilikuwa vitamu. Siku hizi kwangu chakula ni chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Jua lilipozama, baridi ilishuka kwa ghafla, tukajifunga mablanketi, na Rono akasimama kutoa hotuba. Alimimina mursik kwenye vikombe. Alisema kwamba mimi nimewapa heshima vijana wa kwetu, kwamba cheo hiki hakikutoka kwa kujuana wala kwa chai ya chini ya meza, kimetoka kwa kipaji. Alisema maneno mengi mazuri. Ni rafiki wa kweli, Rono, hata kama ana kelele.

Nilikunywa. Mursik ya mke wangu inajulikana huku kwetu. Huchoma vijiti vya mti wa senetwet, anasugua kibuyu kwa makaa yake mpaka kinang'aa ndani, na zamani nilikuwa nikifungua tu kizibo najua ni yake na si ya mwingine. Jana ilikuwa kitu kizito chenye uchachu. Nikasema, "Iko sawa." Ndivyo ninavyosema kila siku.

Na muda wote huo nilikuwa nikimtazama Momanyi kwa pembe ya jicho, kwa mazoea. Miezi yote hii macho yangu yamezoea kukaa kwenye kofia yake. Alitoa viazi kwenye moto kwa wakati wake, havikuungua. Aliondoa chai, ya majani aliyokuwa nayo mfukoni, kabla haijafurika. Alinusa hewa akasema kesho hakuna mvua. Na hakukuna kichwa. Mchana kutwa, tangu lori mpaka moto wa jioni, kofia ilikuwa pale pale na mkono haukwenda kichwani.

Mtu mwenye tabia ya kukuna kichwa hulala nayo na kuamka nayo. Habagui mahali.

Nililala na wazo hilo, na jiwe moja chini ya mbavu.

Asubuhi niliamka kabla yao. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nitaandika na hili ingawa ni la kitoto: nilikuwa nimekubali safari hii kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani hewa ya huko juu, baridi na safi vile, huenda ingefungua kitu. Kwa hivyo nilishuka mpaka ukingoni, nikachuchumaa, nikafumba macho, nikavuta hewa mpaka kifua kikauma. Najua kulikuwa na matope pale, na majani yaliyooza, na mwerezi, na moshi wa jana kwenye blanketi langu. Nayakumbuka yote kwa majina. Nilivuta tena. Ilikuwa baridi, basi. Baridi tupu.

Nikachukua tope kwa kiganja nikalileta puani kabisa. Hakuna.

Nililia kidogo. Si sana.

Niliposikia nyayo, niliosha mikono haraka. Alikuwa Momanyi na sufuria ya jana. Alichuchumaa karibu yangu, akachota jivu alilokuja nalo, akaanza kusugua sufuria kwa nyasi. Bata wakapita. Kisha nikapiga moyo konde.

"Momanyi," nikasema, "tangu jana hujakuna kichwa."

Aliendelea kusugua.

"Nikune ya nini?" akasema. "Huku hakuna majani."

Nikamuuliza alijua lini. Akasema alijua Agosti. Kuna siku majani yaliungua kwenye mashine ya kukaushia, nusu ya watu wakatoka nje wakikohoa. "Wewe ukapita hapo karibu ukipiga mluzi," akasema. "Watu wameshika pua, wewe unapiga mluzi. Nikajua huyu imeisha."

"Na kofia?"

"Sasa ningefanya nini? Nikwambie mbele ya watu? Majani yanaharibika, wewe umesimama unaangalia saa. Nikajaribu kukohoa, hukushika. Nikajaribu kuvua kofia, ukashika."

Kwa hivyo haikuwa tabia yake. Wala mimi sikugundua kitu. Alikuwa akinifundisha, kama nilivyomfundisha yeye, mpaka nikashika. Na mimi nikajiona mjanja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mimi ndiye niliyemshika mkono wakati wengine walikuwa wakimwita mgeni na kumpa fagio. Akasema alidhani itarudi baada ya wiki chache, na kumfichia mtu wiki chache si kitu. Kisha akaiweka sufuria chini na kunitazama usoni.

"Lakini walipokupa hiyo kazi nikangoja. Nikasema, sasa Ngetich atasema. Ikapita wiki. Rono akaanza maneno ya sherehe. Nikasema, ataniambia huko. Jana wewe ukakunywa mursik, ukasema iko sawa." Akapangusa jivu mikononi. "Mimi nimechoka kukuna kichwa, ndugu yangu. Na mimi niko na watoto."

Nikamwambia kazi ile ni yake. Ilinitoka tu.

"Hiyo ni yako na ofisi," akasema. "Mimi sikuombi kitu. Mimi nilitaka tu useme."

Akachukua sufuria akapanda kwenda kwa moto. Nilipofika alikuwa amenimiminia chai, akaniwekea karibu na jiwe langu. Rono alitoka kwenye hema nywele zimesimama, akauliza kama tumeona mandhari. Tukasema tumeona.

Nilimwambia Rono njiani tukishuka. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa maneno ya mpangilio, nikasema tu, "Rono, mimi sinusi. Siku hizi ni Momanyi anayenusa." Alisimama. Kisha akaniomba msamaha kwa kunicheka, na akanipokea lile begi, akalibeba yeye mpaka barabarani huku akikunja pua.

Nimefika nyumbani jioni hii kondoo wakirudi. Mke wangu alikuwa nje, Cherono amefungwa mgongoni kwake. Binti yetu alizaliwa Oktoba, saa kama hizi, kondoo wakiingia zizini, ndiyo maana ya jina lake. Mke wangu alilishika begi, akalitupa mbali.

"Baba Cherono, hii begi ililala kwa tangi ya mafuta? Boma yote inanuka."

Nikasema, "Mimi siisikii."

"Husikii nini?"

"Harufu. Yoyote. Tangu ile homa ya Julai."

Nilidhani atashtuka, au atauliza kazi itakuwaje, na hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Alikaa kwenye kigoda, polepole, akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Alisema alikuwa amebadilisha vijiti vya kibuyu mara mbili. Alikuwa ameacha maziwa yaungue siku moja, makusudi, aone kama nitasema. Nikasema iko sawa. "Nilifikiria umechoka na mimi," akasema. "Nilifikiria sasa wewe ni mkubwa wa kiwanda, chakula yangu huioni."

Ee Mungu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikilinda magunia yasinirudie, na mwanamke wangu alikuwa akiunguza maziwa ili nimwone.

Nilimweleza yote. Homa, daktari wa Kericho, kofia ya Momanyi, ziwa. Nikamwambia kwamba kesho nitaenda ofisini kusema pua waliyoipandisha cheo ni ya Momanyi, wampe yeye. Nikamwambia huenda wakanirudisha chini, huenda hata wasinitake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tulikuwa tukila hata wakati nilipokuwa wa magunia.

Kisha nikamwambia lile ambalo limekuwa likiniuma kuliko kazi, kuliko cheo, kuliko kila kitu. Kwamba tangu Cherono azaliwe sijawahi kumnusa. Watu husema kichwa cha mtoto mchanga kina harufu ambayo mzazi haisahau, na mimi humbeba kila jioni, naweka uso pale juu ya utosi wake, na hakuna kitu. Ni joto tu. Mtoto wangu, na sijui ananukia nini.

"Ananukia aje?" nikamuuliza.

Alimtoa mgongoni, akamweka mapajani. Akaweka pua kwenye utosi wake, akafumba macho kama mtu wa kazi yetu kabisa, akangoja, akanusa tena.

"Maziwa," akasema. "Na moshi ya jikoni, kidogo. Na hapa kwa shingo, majani chai."

"Majani chai? Ameyatoa wapi?"

"Si ni kwako. Wewe humbeba ukitoka kazi, hata shati hujatoa. Anashinda akinuka wewe mpaka nimwoshe."

Sasa amelala, mama yake pia. Nimeweka shati la kazi kwenye kiti. Kesho nitatoka mapema nipitie ofisini kabla ya zamu, na Momanyi nimemwomba twende pamoja, asimame tu pale, avae kofia yake. Sijui watasema nini. Wakinirudisha kubeba magunia, basi nitabeba. Magunia yenyewe ni ya majani chai.